Kudhibiti varoa kwenye mzinga: maana yake nini?

Varoa ni utitiri wa rangi ya hudhurungi, upana wake kama milimita moja na nusu, anayemganda nyuki na kumfyonza. Kumdhibiti si kummaliza, maana akishaingia katika eneo haondoki. Ni kuizuia idadi yake isifike pa kuliangusha kundi.

Kazi yake kubwa huifanya kwenye majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya sega. Varoa jike hujipenyeza kwenye kijumba cha sega muda mfupi kabla hakijazibwa kwa nta, akataga humo, na watoto wake wakamfyonza jana waliyefungiwa naye. Hupendelea vijumba vya madume, kwa kuwa hukaa vimezibwa siku mbili tatu zaidi. Ukiona nyuki wanatambaa mlangoni na mabawa yaliyosinyaa, ujue virusi anavyosambaza varoa vimeshaenea.

Kabla ya dawa, hesabu. Chota nyuki nusu kikombe, kama 300, kutoka sega lenye majana (malkia asiwemo!). Watie kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, nyunyizia sukari ya unga, wazungushe taratibu, subiri dakika moja au mbili, kisha kung'uta juu ya sahani nyeupe yenye maji. Sukari itayeyuka, varoa wataonekana. Nyuki warudishe, wenzao watawalamba. Marekani wengi huanza kutibu wakikuta varoa watatu kwa kila nyuki 100.

Dawa zenyewe ziko kadhaa. Asidi ya oksaliki huwaua varoa walio juu ya nyuki lakini haipenyi nta ya vijumba. Asidi ya fomiki hupenya. Amitrazi, dawa ya kuua kupe na utitiri, nayo huua, ila varoa huizoea. Na ile amitrazi ya kuogeshea ng'ombe usithubutu kuitia mzingani, mabaki yake yatakaa kwenye nta.

Kenya na Tanzania varoa alitambuliwa mwaka 2009, lakini makundi yetu hayakuanguka kama yalivyoanguka ya Marekani alipoingia huko mwaka 1987. Nyuki wa Kiafrika husafishana, hung'oa majana wagonjwa, tena hugawanyika na kuhama mara kwa mara, na kila wakihama varoa hukosa majana ya kuzalia. Ndiyo maana naona kuwamwagia dawa kwa ratiba ya Ulaya ni hasara: unabeba makundi dhaifu ambayo yangejichuja yenyewe. Kundi likilemewa kweli, kata masega ya madume yaliyozibwa uyatoe nje, na usizalishe malkia kutoka kundi hilo.