Usichomoe waya kwanza: mpelelezi wa makosa ya mtandao na mashine yake

Tarehe 1 Oktoba 2013, katika maktaba ya umma ya Glen Park jijini San Francisco, mwanamume na mwanamke walianza kugombana nyuma ya kijana aliyekuwa ameinamia kompyuta mpakato. Kijana akageuka kutazama, na papo hapo kompyuta ikanyakuliwa ingali wazi. Ugomvi ule ulikuwa wa makachero. Kijana alikuwa Ross Ulbricht, mwendeshaji wa Silk Road, soko la siri la dawa za kulevya mtandaoni.

Kwa nini wasimkamate tu barabarani? Kwa sababu diski yake ilikuwa imefungwa kwa usimbaji fiche. Kompyuta ikiwa wazi, kila kitu kinasomeka. Ikizimwa, bila neno la siri unabaki na chuma tu. Walioipanga operesheni ile walielewa jinsi kompyuta inavyohifadhi vitu.

Vijana wanaotaka kuingia fani hii ya upelelezi wa makosa ya mtandao huniuliza wajifunze programu gani. Mimi nawaambia waanze na bisibisi. Tafuta kompyuta chakavu, ifungue, uijue diski na uijue RAM. RAM hushika kile kinachofanyika sasa hivi: programu zinazoendeshwa, miunganisho ya mtandao iliyo hai, mara nyingi hata funguo za usimbaji. Umeme ukikatika, vinapotea. Mwongozo wa RFC 3227 wa mwaka 2002, unaohusu ukusanyaji wa ushahidi wa kompyuta, unasema ukusanye kwanza kinachotoweka haraka, kisha ndipo uende kwenye diski. Kwa hiyo ukiikuta mashine inawaka, usikimbilie kuchomoa waya. Piga picha skrini, andika saa inayoonyeshwa na mashine na saa halisi, kisha mwachie mtaalamu anakili RAM.

Diski nazo si za aina moja. Kwenye diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, kufuta faili ni kama kung'oa kibao cha namba ya nyumba: nyumba ipo na wakazi wamo, hadi atokee wa kujenga juu yake. Kwenye SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, mambo ni mengine. Mfumo huijulisha SSD kwamba nafasi fulani haitumiki tena, nayo huisafisha yenyewe kwa wakati wake, mradi ina umeme. Hata kifaa tunachotumia kuzuia kompyuta isiandike chochote kwenye diski hakiwezi kuisimamisha kazi hiyo ya ndani. Anayemwahidi mlalamikaji kwamba kila kilichofutwa kitarudi anamdanganya.

Uchunguzi wenyewe hufanywa kwenye nakala. Nakala kamili ikishachukuliwa, hukokotolewa alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ulio kama alama ya kidole ya nakala hiyo. Biti moja, yaani chembe ndogo kabisa ya data, ikibadilika, alama hubadilika. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi data ilivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Ukiichomeka flashi ya mtuhumiwa kwenye kompyuta ya ofisini ili "uangalie kidogo tu", data yake huenda imebadilika, nawe umempa wakili wa utetezi kazi nyepesi.

Upande wa mtandao, kosa linaloniuma zaidi ni kudhani kwamba anwani ya IP, namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti, ni mtu. Anwani za aina ya zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia nzima, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiiandikia kampuni ukitaja anwani na tarehe pekee, jibu linaweza kuwa orodha ya mamia ya laini. Taja pia namba ya poti ya upande wa mteja, ambayo hutenganisha miunganisho ya walio nyuma ya anwani moja, na muda hadi sekunde.

Na muda huo utaje ni wa ukanda gani. Mlalamikaji anasema ametapeliwa saa tatu usiku. Askari anaandika 21:00. Seva iliyo ng'ambo imerekodi 18:00 kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, kwa kuwa Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Matukio hayo matatu ni moja. Mpelelezi asiyeyalinganisha ataletewa jina la mtu asiyehusika, na huyo ndiye atakayegongewa mlango alfajiri mbele ya wanawe.

Jalada likikufikisha kwenye mgahawa wa intaneti au nyumba ya wageni, ruta, kifaa kinachogawa intaneti pale, ndiyo inayojua ni kifaa gani kilipewa anwani ipi ya ndani. Ruta nyingi ndogo huweka kumbukumbu hizo kwenye RAM, kwa hiyo mwenye mgahawa asiizime kabla hujazinakili. Humo utakuta anwani za MAC, yaani utambulisho wa kila kifaa kwenye mtandao, zenye jozi 6 za tarakimu na herufi. Kwa kawaida jozi 3 za mwanzo humtaja mtengenezaji. Lakini kuanzia Android 10 na iOS 14, simu nyingi hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi. Ukilinganisha ya kwenye ruta na ile halisi ya simu, hazitafanana, nawe utamwachia mhusika. Fungua mipangilio ya mtandao ule ule wa Wi-Fi ndani ya simu, uisome hapo.