Vasilisa hakungoja mwandishi wa leo ampe nguvu

Mswada mwingine wa fantasia ya kihistoria umenifikia, na barua yake ni ileile: mwandishi "amempa nguvu" msichana wa ngano za Kirusi kwa kuwa eti huko wanawake walikaa tu wakisubiri kuokolewa. Jamani! Marya Morevna, malkia shujaa, ndiye aliyemfunga Koschei, mchawi asiyekufa, kwa minyororo 12. Aliyemnywesha Koschei maji ndoo 3 hadi akaikata minyororo ni mume wa Marya, Ivan. Vasilisa Mikulishna alivaa kiume, akaenda Kiev, akawabwaga chini wanamieleka wa mtawala Vladimir, akamtoa mumewe kifungoni. Mwenye kutaka ubabe, upo tele.

Ila kinachonichosha hasa ni wanavyomsema Vasilisa mwingine, Vasilisa Mrembo. Hafanyi kitu, wanasema, kazi zote anafanyiwa na mdoli aliyeachiwa na marehemu mama yake. Haya, mdoli anakula nini? Vasilisa anajinyima, anamwekea tonge lililo tamu. Kisha msikilize akiongea na Baba Yaga, bibi mchawi wa msituni ambaye uzio wake ni mifupa ya watu, alikotumwa kuomba moto. Anauliza habari za wapanda farasi watatu, mweupe, mwekundu na mweusi, ananyamaza. Jozi tatu za mikono isiyo na mwili, zinazotokea na kuchukua ngano, ameziona kwa macho yake. Hathubutu kuziulizia. Na Yaga anamwambia waziwazi kwamba amefanya vyema kuuliza ya nje tu, maana wadadisi kupita kiasi huwala. Msichana amepima ulimi wake mbele ya mtu wa kumtafuna, halafu mnaniambia hafanyi kitu kwa sababu hana upanga?

Historia, kwa haraka: matryoshka, mdoli wa mbao mwenye midoli mingine tumboni, ni wa miaka ya 1890; mtoeni katika riwaya zenu za karne ya 14, na samovari nayo itoeni. Terem, vyumba walimofungiwa wanawake, ilikuwa ya mabinti wa wakubwa. Mkulima wa chumba kimoja angemfungia mkewe wapi, juu ya jiko?

Shaka ninayo. Afanasyev, mkusanyaji wa ngano za Kirusi, alichapisha ngano hizi kati ya 1855 na 1863, na mkono wa mhariri umo. Kuzifanya dirisha la karne ya 14 ni kubahatisha, na sote wa kazi hii tunabahatisha. Mwisho nao unanikera: aliyetoka msituni na fuvu lenye macho ya moto, likamteketeza mama wa kambo na binti zake, anafuma kitani, anaolewa na mfalme, basi. Wengi huukata. Mimi huwasihi wauache, kwa sababu ngano inasema mdoli alibaki naye mfukoni hadi kufa kwake. Malkia anayetembea na mlinzi wake mfukoni ndani ya ikulu ya mumewe anamwogopa nani? Anzeni kuandika hapo.