Je, wajua kwa nini mabinti wa baba mmoja hukumbuka mambo yake tofauti?

Msiba ukishaingia na turubai likasimamishwa uani, kazi moja huwaangukia mabinti: kuandaa wasifu wa marehemu. Hapa Uganda wasifu husomwa kabla ya maziko, na habari za marehemu husimuliwa tena siku ya kumaliza msiba, ile ambayo Baganda huiita okwabya olumbe na ambayo huweza kufanyika miezi au hata miaka baadaye. Waislamu wana arobaini yao. Popote walipo, mabinti wakikaa kumkumbuka baba waliyempenda, haichukui muda mmoja anasimulia na mwingine anamkatiza: "Sivyo ilivyokuwa."

Hapo watu huamua haraka. Mmoja anadanganya. Au dada mkubwa ndiye mwenye haki kwa kuwa aliona mengi. Au anayelia zaidi ndiye aliyempenda baba zaidi, basi anakumbuka vizuri zaidi. Dhana zote tatu zina mizizi katika imani moja, kwamba tukio huingia kichwani zima na hukaa humo lilivyo mpaka siku likihitajika. Kama ingekuwa hivyo, habari mbili zinazopingana zingemaanisha kweli kwamba mmoja ana hila. Nimeona dada wakinuniana kwa jambo hili katika siku ambazo walihitajiana kuliko wakati wowote, na inaniuma, maana hakuna aliyekosa.

Chukua dhana ya tatu, ile ya uchungu. Chombo cha angani cha Marekani, Challenger, kililipuka Januari 1986. Kesho yake asubuhi, wanafunzi wa chuo kikuu waliandika walikuwa wapi na walipataje habari. Walipoulizwa tena baada ya miaka miwili na nusu hivi, wengi walitoa maelezo yaliyotofautiana na yale waliyoyaandika kwa mkono wao, baadhi yao tofauti kabisa, tena kwa uhakika mkubwa. Hisia kali hutupa uhakika. Usahihi ni jambo jingine.

Na dada mkubwa? Umri unamsaidia kwa kiasi, kwa sababu watu wengi hawana kumbukumbu za kabla ya miaka mitatu au minne. Kitinda mimba anayesema anamwona baba akimbeba siku ya ubatizo huenda anaona picha iliyokuwa ukutani. Mwaka 2002 watafiti waliwaonyesha watu wazima 20 picha ya kughushi iliyowaonyesha wakiwa watoto ndani ya puto kubwa la kurukia angani, safari ambayo haikuwahi kuwapo. Baada ya kuhojiwa mara kadhaa, nusu yao walikuwa "wameikumbuka", kwa sehemu au yote. Lakini anayesimuliwa na kutazama picha si mdogo peke yake. Mkubwa naye amesimulia mara nyingi zaidi, na kusimulia nako hubadilisha.

Fikiria nyumba ya udongo. Nguzo na fito zilisimamishwa mara moja, siku ile. Udongo unapasuka, mvua inaula, na kila baada ya muda nyumba inakandikwa upya. Anayekandika hatumii udongo wa mwaka wa kwanza, anatumia alioukuta leo, na ukipungua anachota kwa jirani. Ukuta ukikauka huwezi kuonyesha kwa kidole wapi pa zamani na wapi pa leo. Kumbukumbu yetu ya baba, nitakayoisimulia hapa chini, ina fito zake: baiskeli, mvua, homa, mgongo wake. Kila tunapoisimulia, ubongo unaijaza upya kwa tunayoyajua leo, kwa tuliyoyasikia kwa shangazi, kwa huzuni tuliyonayo sasa. Kisha habari iliyokandikwa upya ndiyo inayohifadhiwa.

Sehemu hiyo ya mwisho imeonekana wazi zaidi kwa panya. Mwaka 2000, Karim Nader na wenzake huko New York waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani. Siku iliyofuata waliwakumbusha kwa kuwasikilizisha mlio huo, kisha wakawadunga ndani ya ubongo dawa inayozuia utengenezaji wa protini, ambazo ubongo huzihitaji ili kuhifadhi kumbukumbu. Hofu ilififia. Panya waliopewa dawa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa. Yaani kumbukumbu inapoamshwa hulainika kwanza, ndipo ihifadhiwe tena. Kutoka hofu ya panya hadi hadithi ya baba ni mwendo mrefu, na sitaki kuuruka.

Kwetu mvutano ulihusu safari moja ya baiskeli. Baba alifanya kazi reli, Tororo, na usiku mmoja wa mvua alimfunga mtoto mwenye homa mgongoni kwa koti lake la kazi akamkimbiza hospitali kwa baiskeli. Dada yangu mkubwa anasema mtoto huyo ni yeye, anakumbuka harufu ya grisi kwenye kola. Mdogo wetu anasema ni yeye, anakumbuka kifungo kikimchoma shavuni. Wote wawili walisema hayo kwenye mkeka mmoja, usiku wa matanga, na hakuna aliyekuwa akitunga.

Mercedes Sheen na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti juu ya jambo hilihili. Walichunguza jozi 20 za mapacha watu wazima, na katika jozi 14 ilijitokeza angalau kumbukumbu moja ambayo kila pacha alidai ni yake. Ni watu wachache, lakini walilikuta pia kwa ndugu wa jinsia moja waliokaribiana umri. Watoto waliolala chumba kimoja na kusikia hadithi zilezile hupoteza jibu la swali moja tu: nani yalimpata?

Kwa wanaoandaa wasifu kuna jambo la kufanya, nalo ni kinyume cha tulivyozoea. Majaribio mengi yameonyesha kwamba kundi likikumbuka pamoja hutaja mambo machache kuliko jumla ya ambayo kila mmoja angeyataja akiwa peke yake. Mwenzako akianza, anavuruga mpangilio wako. Kwa hiyo kabla ya kukaa mkekani, kila binti aandike kwanza, hata ukurasa mmoja wa daftari, bila kuonyeshana. Shangazi naye aulizwe kando, kwa kuwa ndiye aliyemjua baba akiwa mtoto. Baadaye kaeni pamoja na muulizane maswali, maana kwa watu walioishi pamoja miaka mingi kuulizana huweza kuibua ambalo hakuna aliyeliandika. Tarehe zitafuteni kwenye vitabu vya matibabu, yale madaftari tunayokwenda nayo hospitali, na nyuma ya picha. Mkiona habari mbili bado zinapingana, ziandikeni zote mbili, kila moja na jina la aliyeisimulia.