Ada ya kutua hailetwi mezani peke yake

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa biashara ya mbao alinikaribisha chai pale Mwanjelwa. Chai ya rangi yenye tangawizi, chapati mbili, na ile baridi ya Mbeya inayofanya mtu ashike kikombe kwa mikono miwili. Hakuzunguka. "Kijana wangu, wewe umekaa na hao watu wa ndege. Hivi tukiwaambia waje watue bure pale uwanja wa Songwe, hawatuletei nauli ya chini?"

Nikaomba kalamu, nikageuza risiti ya mgahawa, nikaanza kupiga hesabu. Chai ikapoa. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu imekuwa kupanga ratiba na njia za ndege, na swali la mzee huyu nimeshaulizwa Iringa, nimeulizwa Songea. Kwenye risiti halikuenea, ndiyo maana naliandika hapa.

Kwanza tuelewane: shirika la bei nafuu halina huruma na abiria kuliko wenzake. Linaishi kidaladala. Gari likiwa barabarani linaingiza, likiwa limeegeshwa linakula. Southwest ya Marekani ilianza kuruka Texas mwaka 1971 kwa hesabu hiyo, na Ryanair ya Ireland ikaiga miaka ya 1990 mpaka ikajulikana kwa kugeuza ndege kwa dakika 25: abiria washuke, wengine wapande, mlango ufungwe. Ukimwendea mtu wa aina hiyo na ofa ya kumfutia ada ya kutua, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza jambo lingine kabisa. Atakuuliza ndege yake itakaa chini dakika ngapi.

Tuchukue mfano. Ndege ya viti 150 inashinda kutwa nzima kati ya Dar na Songwe. Angani ni kama dakika 80 kila upande. Ikigeuzwa kwa nusu saa kila mwisho wa safari, mzunguko mmoja ni saa 3 na dakika 40. Ikianza Dar saa 12 asubuhi, mzunguko wa nne unaanza saa 11 jioni, ndege inaondoka Songwe saa 12 na dakika 50, na Dar inafika saa 2 na dakika 10 usiku. Mizunguko minne. Sasa igeuze kwa saa nzima badala ya nusu: mizigo imechelewa, ngazi ni moja, mtu wa kaunta ndiye huyohuyo wa mlangoni. Mzunguko unakuwa saa 4 na dakika 40. Wa tatu unaisha saa 2 usiku na wa nne haupo tena. Viti 300 vimepotea siku hiyo, na ndege ni ileile, marubani ni walewale, malipo ya kukodi ndege ni yaleyale.

Hapo mzee aliacha kutafuna chapati.

Na tazama ule mzunguko wa nne: ndege inaondoka Songwe jua linazama. Uwanja usio na taa za njia ya kurukia hauwezi kuuza mzunguko huo kwa bei yoyote. Songwe ilifunguliwa Desemba 2012 ikiwa na njia ya kurukia ya mita 3,330, ndefu kuliko ndege nyingi zinavyohitaji, lakini kwa miaka mingi ilifanya kazi mchana tu kwa kukosa taa. Wanasiasa wetu hupenda kutaja urefu wa lami. Mpanga ratiba anauliza saa za kufungua na kufunga.

Urefu nao una kazi yake, nisiupuuze. Songwe iko mita 1,344 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 12. Bawa linashika kidogo, injini inavuta kidogo, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Uwanja wa zamani, ule wa mjini Mbeya, ulikuwa juu zaidi na mfupi. Jeti ya watu 150 haikuwa na la kufanya pale. Nduli, uwanja wa Iringa, nayo iko juu ya mita 1,400, na ndiyo sababu kila mita inayoongezwa kwenye njia yake ya kurukia ina faida kuliko ingekuwa Tanga.

Halafu mafuta. Ya ndege hupanda kwa lori kutoka Dar: yanapita Kitonga kwa gia ya kwanza, Mafinga, Makambako, Uyole, yanateremka Mbalizi, ndipo yanafika Songwe. Kila kona ya Kitonga imo kwenye bei ya lita. Kwa hiyo mashirika mengi hujaza Dar mafuta ya kwenda na kurudi. Kubeba huko si bure, maana kila tani ya ziada hula kilo 30 hadi 40 za mafuta kwa kila saa ya safari, ila mara nyingi bado ni nafuu kuliko kununua huku. Faida yake nyingine ni kwamba bila kujaza mafuta ndege inageuka haraka. Hasara ni kwamba inatua nzito, na siku ya mvua, breki na matairi yanalipia.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye kikao cha mkoa: gari la zimamoto. Kanuni za kimataifa hupanga viwanja kwa madaraja ya zimamoto kufuatana na urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. Ndege aina ya ATR 72 ina urefu wa mita 27 na kidogo, iko daraja la 5. Airbus A319 ni karibu mita 34, daraja la 6. Dash 8-Q400, ile ya mapangaboi ambayo wengi wanaiona ndogo, ni karibu mita 33, kwa hiyo nayo ni daraja la 6. Uwanja unaweza kuwa na lami safi na jengo jipya, kisha gari moja likiharibika pampu, daraja linashuka chini ya lile ndege yako inalohitaji, na ratiba ya wiki inavurugika. Nikienda uwanja wowote mpya, naanza kwa kuchungulia banda la zimamoto. Jengo la abiria natazama mwisho.

Ukungu ndio unaotuumiza zaidi huku kwetu. Mwaka fulani, msimu wa mvua, nilikuwa kwenye ndege ya asubuhi kuja Songwe. Tulifika juu yake, tukazunguka. Dirishani niliona milima ya Mbeya imetoa vichwa juu ya wingu jeupe kama visiwa, na chini hakuna kitu, maziwa matupu. Jirani yangu alikuwa fundi, amepakata boksi lenye kipuri cha mashine ya kukoboa kahawa. Kiwanda kilikuwa kimesimama tangu jana yake. Baada ya dakika 20 rubani akatangaza tunarudi Dar. Yule fundi hakusema neno, aliligeuza tu boksi lake upande wa pili. Shirika lenyewe silitaji, si kosa la mtu. Lakini hesabu yake naijua: safari mbili za mafuta bila kufika, abiria waliokuwa wanasubiri Songwe wamekwama, na mizunguko yote iliyofuata imechelewa. Shirika la nauli ya juu humeza siku kama hiyo. Shirika linalobakiza faida ya elfu chache kwa kiti linahitaji wiki nzima kuifidia. Mitambo ya kumwongoza rubani ashuke kwenye wingu ni ghali, lakini ukiniambia nichague kati yake na kusamehewa ada ya kutua kwa miaka mitano, sifikirii mara mbili.

Turudi kwenye ada basi. Ya kutua hutozwa kwa uzito wa ndege, na ukiigawa kwa viti 150 inabaki kama bei ya sahani ya wali maharage. Inayouma ni nyingine: ada ya huduma ya abiria, ambayo kwa miaka mingi imekuwa TSh 10,000 kwa safari ya ndani. Kwenye tiketi ya laki tatu haionekani. Lakini fastjet, shirika la bei nafuu, walipoanza Dar mwishoni mwa 2012, nauli yao ya kuanzia waliyotangaza ilikuwa TSh 32,000 kabla ya tozo. Elfu kumi juu ya 32,000 ni karibu theluthi ya nauli! Anayetaka kumvuta mtu wa bei nafuu aanze kubishana hapo.

Ila abishane na nani? Hapa ndipo sisi tunatofautiana na Ulaya, na mifano ya Ulaya hunukuliwa ovyo. Charleroi ya Ubelgiji ilimilikiwa na serikali ya jimbo la Wallonia, ikaipa Ryanair punguzo na fedha za kuanzisha njia. Kamisheni ya Ulaya ikasema mwaka 2004 kwamba sehemu ya msaada ule ni haramu, mahakama ikautengua uamuzi huo mwaka 2008, na kelele zote hizo zikiendelea abiria walikuwa wanajaa. Huo ndio mfano unaopendwa. Usiopendwa ni Hahn ya Ujerumani, uwanja unaoitwa wa Frankfurt ilhali uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt. Ulimtegemea mteja mmoja mkubwa, na mwaka 2021 mwendeshaji wake akaomba ufilisi. Na Hispania walijenga Ciudad Real kwa karibu euro bilioni moja. Ukafungwa 2012 baada ya miaka michache tu.

Kule viwanja vingi vina mabwana tofauti, ndiyo maana vinagombana. Huku Songwe, Nduli na Songea viko chini ya Mamlaka moja ya Viwanja vya Ndege, kwa kitabu kimoja cha tozo. Songwe haiwezi kuamka asubuhi ikashusha bei ili kuikomoa Nduli. Ushindani upo, lakini unafanywa na wabunge, wakuu wa mikoa na wafanyabiashara, na wanachogombea ni saa za ndege chache zilizopo Dar.

Na wanamgombea nani hasa? Abiria wa Njombe. Chukua ramani. Kutoka Njombe mjini kwenda Nduli, kwenda Songwe, au kwenda Songea, kote ni zaidi ya kilomita 200, na tofauti si kubwa. Mtu wa Mafinga ni wa Iringa, hakuna ubishi. Mtu wa Tunduma ni wa Songwe. Lakini mnunuzi wa parachichi wa Njombe anaweza kwenda popote, na ataamua kwa mambo mawili: ndege inaruka kila siku au mara mbili kwa wiki, na ikiahirishwa atalala wapi. Ndege ya viti 76 kila siku itamchukua huyo mbele ya ndege ya viti 132 ya Jumanne na Ijumaa, hata kama ya pili ni nafuu. Akishindwa zote anapanda basi pale Makambako jioni, asubuhi yuko Dar. Basi ndilo mshindani wa kweli, na halina ada ya kutua.

Kuna kitu kimoja ambacho mikoa ingeweza kukifanya bila kugusa kitabu cha tozo. Mji wa Wichita, jimbo la Kansas, ulichoka na nauli za juu, ukaamua mwaka 2002 kulipa dhamana ya mapato kwa AirTran, shirika la bei nafuu: njia isipofikisha kiasi walichokubaliana, mji na wafanyabiashara wanajazia. Nauli za washindani zikashuka nazo. Naupenda mpango huo kwa sababu unamlazimisha anayesema "abiria wapo" aweke fedha yake mezani. Nilipomweleza mzee alicheka sana. "Yaani nisiporuka mimi, nalipa?" Ndiyo, mzee.

Mwisho kuna suala la begi. Shirika la bei nafuu huuza kiti kwa hasara ndogo likarudishia kwenye mizigo. Sasa nenda kaunta ya Songwe uone. Siku moja mbele yangu alikuwa mama wa makamo, khanga mbili, begi dogo la nguo na kiroba cha mchele wa Kyela kimeshonwa kwa kamba ya katani. Kijana wa kaunta akapima. "Mama, umezidi kilo sita."

"Mwanangu, hizo si kilo, ni mchele wa wajukuu."

"Naelewa mama, ila mfumo hauniruhusu."

Kilichofuata kilichukua dakika kumi. Kiroba kilifunguliwa, mchele ukagawanywa kwenye mifuko, abiria wawili wasiomjua wakabeba kilo mbilimbili, mimi nikabeba mbili. Kaunta nzima ilikuwa inatabasamu na ndege ikachelewa. Ukiniuliza, njia ya nyanda za juu inatakiwa iuzwe na kilo 23 ndani ya nauli, hata nauli ikipanda kidogo. Kanuni ya kutoza begi ilitungwa kwa mtu wa London anayekwenda wikendi Hispania na kaptula mbili. Hapa hakuna anayekwenda Dar mikono mitupu.

Fastjet walikuja mpaka Songwe wakiwa na A319. Baadaye wakazibadilisha kwa Embraer ndogo, na mwishoni mwa 2018 wakasimama kabisa Tanzania. Kwa maoni yangu ile kubadilisha ndege ilisema mengi: viti 150 vilikuwa vingi mno kwa Februari, na havikutosha wiki ya Krismasi, watu wanapopanda huku wote kwa pamoja na ndege kurudi Dar nusu tupu.

Mzee alikunja risiti, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Alisema Alhamisi ana kikao na wenzake, na atawauliza kwanza nani yuko tayari kuchangia dhamana. Jana alinipigia. Watu kumi na wanne walihudhuria, na wote walikubaliana kuandika barua ya kuomba ada ya kutua ifutwe.