Je, wajua kwa nini siku 14 za kutibu fangasi wa damu hazihesabiwi kuanzia siku ya kwanza ya dawa?

Fangasi wa jamii ya Candida wakiingia kwenye damu ya mgonjwa, miongozo ya matibabu inataka wiki mbili za dawa, ikiwa hawajapiga kambi kwenye moyo, jicho au kiungo kingine cha ndani. Wengi hukumbuka hizo wiki mbili na kusahau zinaanzia wapi. Damu ya mgonjwa huwekwa kwenye chupa za maabara kuona kama fangasi wataota, na wiki hizo zinaanzia siku ilipochukuliwa damu ya kwanza ambayo haikuota fangasi, na kabla ya kufunga dawa dalili nazo ziwe zimekwisha. Tarehe ya dozi ya kwanza haihusiki na hesabu hiyo.

Tuseme mgonjwa ameanza dawa tarehe 1. Damu ya tarehe 2 imeota fangasi, ya tarehe 4 imeota tena, ya tarehe 6 haikuota kitu. Siku ya kwanza ni tarehe 6, ya 14 ni tarehe 19. Anayehesabu kutoka tarehe 1 atafunga dawa tarehe 14, siku tano kabla ya wakati. Na kinachohesabiwa ni tarehe ya kuchukua damu, si tarehe ya majibu. Kwa kawaida chupa hukaa kwenye mashine siku 5 ndipo maabara itamke kuwa ni hasi, hivyo majibu ya mwisho ya damu ya tarehe 6 yatafika karibu na tarehe 11.

Ukali huu una sababu. Damu si makazi ya fangasi, ni njia yao tu. Wanatoka mahali: kwenye katheta ya mshipa mkubwa (mrija wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa), kwenye utumbo uliojeruhiwa na upasuaji au dawa za saratani, au kwenye usaha uliojificha tumboni. Juu ya plastiki ya katheta hujenga utando mzito ambao dawa nyingi haziupenyi vizuri. Dawa inaua wanaoelea, utando unamwaga wengine. Homa inaweza kushuka huku hayo yakiendelea, ndiyo maana kipimajoto hakiwezi kuwa mwamuzi. Mwamuzi ni damu inayooteshwa upya kila siku, au siku moja baada ya nyingine, mpaka iwe safi. Asiporudia kuotesha, daktari hana tarehe ya kuanzia kuhesabu, na hapo ndipo matibabu mengi yanapopotea njia.

Majibu ya kwanza nayo yanataka nidhamu. Candida kwenye makohozi mara nyingi ni mpangaji tu wa njia ya hewa, hana haja ya dawa. Kwenye damu ni kinyume kabisa: hata chupa moja ikiota, huo ni ugonjwa. Asidhaniwe kamwe kuwa ni uchafu wa ngozi. Lakini chupa nazo hukosa: kwa jumla, kuotesha damu hugundua takriban nusu tu ya wagonjwa wenye Candida waliovamia mwili. Kuchukua damu kidogo huzidisha kasoro hiyo. Kwa mtu mzima zinahitajika angalau mililita 40 kwa mara moja, zikigawanywa kwenye chupa kadhaa, kila chupa ijazwe kama mililita 10. Chupa moja iliyojazwa mililita tatu haimtendei haki mgonjwa.

Maabara ikipiga simu kusema imeona chachu, yaani fangasi wa umbo kama la Candida, kwenye hadubini, dawa ianze siku hiyohiyo, bila kungoja jina la fangasi. Kwa mtu mzima chaguo la kwanza ni kundi la dawa za fangasi liitwalo ekinokandini: kaspofungini miligramu 70 siku ya kwanza kisha 50 kwa siku, au mikafungini 100 kwa siku, au anidulafungini 200 kisha 100. Zote ni za kupitia mshipani.

Kwa nini si flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi ambayo ni rahisi na imezoeleka? Kwa sababu siku hiyo hujui unapambana na nani. Candida krusei kwa asili haisikii flukonazoli, Candida glabrata mara nyingi inahitaji dozi kubwa au haisikii kabisa, na Candida auris, iliyotambuliwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, kwa kawaida ni sugu kwake. Kwa hiyo jina la fangasi na kipimo cha usugu ni lazima. Mgonjwa akitulia, damu ikiwa safi na kipimo kikionyesha flukonazoli inafanya kazi, mara nyingi baada ya siku 5 hadi 7, ahamishiwe flukonazoli: miligramu 800 za kuanzia, kisha 400 kwa siku ikiwa figo ziko sawa. Vidonge vyake hufyonzwa vizuri sana, kwa hiyo dripu haina tena sababu.

Katheta ya mshipa mkubwa itolewe mapema, ndani ya saa 24 inapowezekana. Kuiacha huku unaongeza dawa ni kukata majani na kuacha mizizi. Kwa mgonjwa ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka sana, chanzo mara nyingi ni utumbo, hivyo uamuzi wa kuitoa hupimwa mtu kwa mtu.

Jicho ndilo husahaulika kuliko vyote. Mgonjwa mahututi aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kukwambia kwamba anaona ukungu. Daktari wa macho atanue mboni kwa matone na kuangalia retina, pazia la nyuma ya jicho, ndani ya wiki ya kwanza. Kwa mwenye chembe nyeupe chache, asubiri mpaka zipande, kwani kabla ya hapo madoa ya ugonjwa kwenye retina huweza kutoonekana. Akikuta ugonjwa, mpango wote unabadilika: ekinokandini haziingii vizuri ndani ya jicho, na tiba inakuwa angalau wiki 4 hadi 6. Damu ikizidi kuota licha ya dawa sahihi, moyo upimwe kwa ultrasaundi na usaha au damu iliyoganda kwenye mishipa itafutwe.

Mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya waligeuza hatua hizi kuwa alama, kila hatua iliyofanyika ikipewa zake: za juu kabisa ni 22 kwa mwenye katheta, 19 kwa asiye nayo. Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba hatua iliyorukwa inaonekana mgonjwa angali wodini na inaweza kufanyika siku hiyohiyo.

Mgonjwa akiruhusiwa na vidonge, barua yake iandikwe jina la fangasi, dawa zinazomfaa, majibu ya macho, tarehe ya damu safi ya kwanza na tarehe ya kidonge cha mwisho. "Aendelee na flukonazoli" peke yake haimwambii anayempokea lini aache.