Je, wajua kwa nini mkulima anayeangalia nyuma "hafai"?

Luka 9:62, katika Biblia ya Union, inasema: "Mtu aliyetia mkono wake kulima, kisha akaangalia nyuma, hafai kwa ufalme wa Mungu." Aliyekulia kwenye jembe la mkono ana haki ya kuuliza kosa liko wapi. Mwenye jembe hunyoosha mgongo, akatazama alikotoka, akarudi kazini bila hasara yoyote.

Jibu limejificha ndani ya neno "kulima". Kigiriki cha Luka kina neno arotron, yaani plau ya kukokotwa na ng'ombe. Na si plau ya chuma yenye mikono miwili kama ya Usukumani, ambako mara nyingi mmoja huongoza ng'ombe mbele na mwingine hushika nyuma. Plau ya Galilaya ilikuwa ya mti, ncha tu ndiyo ya chuma, na mshikio wake ulikuwa mmoja. Mkono wa pili ulishika mchokoo, ile fimbo ndefu ya kuwahimiza ng'ombe.

Plau hiyo haikupindua udongo, iliukwaruza tu, kina cha sentimita 10 hivi. Kwa kuwa ni nyepesi, haikuzama yenyewe: mkulima aliukandamiza mshikio kila hatua, na akauinua kidogo kila alipoona jiwe mbele. Vilima vile vina mawe mengi. Sasa ageuze shingo. Bega linafuata shingo, mkono unafuata bega, na ncha inaruka juu, au inakwenda upande, au inagonga jiwe. Ng'ombe hawamngojei. Mfuo unapinda, na kwa sababu mfuo wa pili hupigwa kando ya wa kwanza, kosa lile linaendelea shamba zima, likiacha vipande visivyoguswa. Tena siku zenyewe ni chache: ardhi iliyokauka kiangazi kizima hulimika mvua za kwanza zikishanyesha, kuanzia Oktoba au Novemba.

Kigiriki kinaonyesha pia kwamba kuangalia huko si kwa mara moja. Ni mtu anayelima huku akiendelea kutazama nyuma. Aliyejikwaa siku moja asijihesabu ametupwa.

Maneno hayo aliambiwa mtu wa tatu kati ya watatu waliokutana na Yesu njiani kwenda Yerusalemu. Wa kwanza aliambiwa kwamba mbweha wana pango, lakini Mwana wa Adamu hana pa kulaza kichwa. Wa pili alisema, kwanza nikamzike baba yangu. Wa tatu, kwanza nikawaage wa nyumbani. Kukataliwa kwa ombi la wa pili ndiko kunakoumiza masikio yetu, maana kwetu msiba haukwepeki. Lakini Wayahudi walizika siku ileile. Kama baba angekuwa amefariki, mwana asingekuwa barabarani. Wafasiri wengine huona baba alikuwa hai, na mwana anaomba kungoja miaka. Wengine hukumbuka desturi ya Yerusalemu ya wakati ule: baada ya kama mwaka mmoja, mifupa ilikusanywa na kuwekwa kwenye sanduku la jiwe lenye urefu wa kutosha mfupa wa paja. Kwa vyovyote, ombi lina neno "kwanza".

Hapa ndipo wahubiri wengine hukosea, wakamtaka kijana awatelekeze wazazi kwa jina la wito. Katika Marko 7, Yesu huyohuyo anawakemea waliotumia Korbani, sadaka kwa Mungu, kama kisingizio cha kutowasaidia baba na mama. Elisha naye, aliyeitwa akilima nyuma ya jozi 12 za ng'ombe, aliruhusiwa kumbusu babaye. Alirudi, akachinja jozi aliyokuwa akilimia na kuipika kwa miti ya plau yenyewe. Kuaga kwake kulifunga mlango wa kurudi.

Na Yesu hakukataa kila "kwanza". Katika Luka 14:28, anayetaka kujenga mnara anaagizwa aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Misingi ya namna hiyo tunaijua, imeota majani pembeni mwa barabara zetu. "Kwanza" hiyo huja kabla ya mkono kugusa plau. Wale wawili waliileta wakati ng'ombe wameshafungwa nira.