Nusu lita ya rozela: kwa nini wakunga tunaacha kupima damu kwa macho

Kila Jumatano asubuhi, zamu ya usiku ikishakabidhi wodi, wakunga tunajifungia dakika 20 kwenye chumba cha mafunzo. Hatuna makabrasha wala posho. Wiki chache zilizopita nilichemsha rozela nyumbani, nikaiacha ipoe, nikapima kwenye jagi nusu lita kamili. Kabla wenzangu hawajaingia niliimwaga yote juu ya kanga mbili na pamba zilizokuwa ndani ya beseni. Nikawauliza: mzazi huyu ametokwa na damu kiasi gani?

Kila mmoja aliandika kwenye karatasi yake. Mmoja aliandika mililita 200, wawili wakaandika 250. Mkubwa wetu kazini, mama aliyeanza kuzalisha mimi nikiwa bado shule ya msingi, aliandika 300 akakunja karatasi bila wasiwasi. Hakuna aliyefika 400. Nilipotoa jagi na kuonesha mstari wa nusu lita, yule mama aliguna, akashika kiuno. "Kumbe miaka yote hii nabahatisha, mwanangu."

Hakuwa peke yake. Tafiti za nchi nyingi zimeonesha kwamba mkunga au daktari anayekisia damu kwa macho hukisia chini ya kiasi halisi, na damu ikizidi kuwa nyingi ndivyo anavyozidi kukosea. Uzoefu haumponyi mtu ugonjwa huo. Kanga inanyonya, damu nyingine inaganda, nyingine imechanganyika na maji ya chupa ya uzazi au mkojo, na nyingine inachirizika chini ya mgongo wa mzazi ambako hakuna anayeiona.

Nusu lita ni muhimu kwa sababu ndicho kiasi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa mpaka: mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akivuka mililita 500, tunasema anatokwa na damu nyingi kupita kiasi. Kondo la nyuma linapobanduka linaacha jeraha lenye upana wa sahani, na mishipa ya hapo iko wazi. Mimba ikiwa imetimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Mungu ameweka kinga yake: misuli ya mji wa mimba hubana na kuifinya mishipa hiyo mpaka ifunge. Misuli ikilegea, hakuna kinachofunga. Ndiyo maana mkunga anakuja mara kwa mara kukubonyeza na kukusugua tumbo baada ya kujifungua. Anatafuta kitu kigumu mfano wa embe bichi chini ya kitovu chako. Akikuta laini, hana amani.

Kuna jambo jingine linalotudanganya, nalo ni ujana wa wazazi wetu. Binti wa miaka 22 anaweza kupoteza damu nyingi na presha yake ikasimama vizuri kabisa, anaongea, anauliza mtoto ana kilo ngapi. Mwili wake unajikaza. Kinachobadilika mapema ni mapigo ya moyo kwenda mbio. Nikiwa mwaka wa pili kazini, kituo sikitaji, nilimpokea kwenye makabidhiano mzazi aliyeandikwa "anaendelea vizuri." Kanga ya juu ilikuwa kavu. Nilipofunua ya chini, ilikuwa nzito kama imetoka kuloekwa. Tulimwokoa kwa chupa nne za damu na upasuaji, ila hatapata mtoto mwingine. Aliyenikabidhi hakuwa mvivu, alikuwa ametazama kanga ya juu.

Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Walichofanya ni cha kawaida mno hata mtu anaweza kukidharau. Kila mzazi alitandikiwa chini ya makalio plastiki yenye mfuko wa kukinga damu, na mfuko una mistari ya kupimia kama chupa ya maziwa ya mtoto. Damu ikifika mstari wa tahadhari, mkunga hasubiri daktari aje, wala hajaribu dawa moja akangoja nusu saa kuona. Anafanya yote kwa mpigo: anasugua mji wa mimba, anachoma dawa ya kuubana, anaweka traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, anafungua dripu, anamkagua mzazi kuona kama amechanika au kuna kipande cha kondo kimebaki, na anaita msaada. Hakuna dawa mpya hata moja hapo. Zote tulikuwa nazo kabatini.

Majibu yake: kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kutokwa na damu vilipungua kwa asilimia 60. Namba iliyonikaa zaidi ni nyingine. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu ya wazazi waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Kwenye hospitali zilizotumia mfuko, walitambuliwa 93 katika kila 100.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, lilitoa mwongozo mpya unaousogeza nyuma mpaka huo wa nusu lita. Sasa hatusubiri nusu lita. Mililita 300 zikitoka, na mapigo ya moyo au presha ikaonesha dalili isiyo ya kawaida, kazi inaanza. Kwa hiyo ukifika leba ukatandikiwa plastiki badala ya kanga zako mpya za doti, usione umedharauliwa. Kanga zako zihifadhi, tutamfunikia mtoto.

Kuhusu traneksamiki, dawa hii ina haraka zake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017, wenye wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua inapunguza vifo vya damu kwa karibu theluthi moja. Zikipita saa tatu haifai kitu. Familia zinazokaa na mzazi nyumbani mpaka jioni "tuone kwanza" zinakula saa hizo bila kujua.

Na hapa niseme wazi neno moja linalonikera. Bado kuna wakwe, mashangazi na majirani wanaosema "acha itoke, hiyo damu chafu." Damu inayotoka kwenye mji wa mimba siku ya kwanza ni ileile inayopita moyoni na kichwani kwako, haina uchafu wowote. Kutokwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ni kawaida. Pedi kulowa chepechepe ndani ya saa moja, mabonge makubwa kutoka, kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio ukiwa umelala: hayo si kawaida, hata kama ni siku ya kumi na umeshakandwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga. Rudi kituoni usiku huohuo.

Tafiti pia hutukatalia, na ni vizuri umma ukajua. Baada ya traneksamiki kufanya vizuri kwenye tiba, watafiti walijiuliza: je, tukimpa mapema mama mwenye upungufu wa damu wa wastani au mkubwa, kabla hajaanza kutokwa? Walijaribu kwa wanawake zaidi ya 15,000 wa Pakistani, Nigeria, Zambia na Tanzania. Haikuzuia. Kinga ya mama mwenye upungufu wa damu inaanza mapema zaidi, kliniki, kwenye vile vidonge vya FEFO, vya kuongeza damu, ambavyo wengi mnavipokea kwa adabu na kuviacha kwenye mkoba kwa sababu vinatia kichefuchefu. Vinywe usiku na kitu tumboni. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ndiyo madini ya chuma hayo.

Ilikuwa hivyohivyo kwa dawa ya kupaka kitovu iitwayo klorheksidini. Asia ya Kusini ilipunguza vifo vya watoto, ikaleta matumaini makubwa. Ilipojaribiwa Pemba na Zambia, haikuonesha tofauti ya kutegemewa. Kwa mtoto aliyezaliwa kituoni kwenye usafi, kitovu kikavu kisichopakwa chochote kinatosha: si mate, si mafuta, si majivu, si kinyesi cha ng'ombe.

Takwimu za nchi yetu nazo zina la kusema. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi Tanzania vilishuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia vituoni nao wamefika 81 katika kila 100. Ila watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila 1,000, wakawa 24. Kwa miaka saba, mmoja tu! Akina mama wamefika hospitali, lakini watoto bado wanatuponyoka humohumo wodini.

Sehemu ya jibu ilipatikana Haydom, hospitali ya huko Mbulu mkoani Manyara. Wakunga wa pale waliwahi kupewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua: mkaushe, msisimue, na kama bado, mpulizie hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye mdoli wa mazoezi walifaulu vizuri. Watafiti walipowatazama leba, hakuna kilichobadilika. Mikono ilikuwa imerudi kwenye mazoea. Ndipo wakabadili mtindo: mdoli ukakaa karibu na leba, na mazoezi yakawa mafupi na ya mara kwa mara. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kwa kama asilimia 40, majibu yaliyochapishwa mwaka 2015.

Mbegu hiyo ndiyo iliyokuja kukua na kuwa mpango wa Safer Births katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 matokeo yake yalitoka, yakihusu akina mama wapatao 280,000. Vifo vya watoto siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40 hivi, na vya akina mama ndani ya wiki moja kwa robo tatu. Darasa letu la Jumatano, na rozela yake, ni mtoto wa fikra hizo. Ukipita dirishani ukatuona watu wazima tumezunguka mdoli tunahesabu sekunde kwa sauti, tuvumilie.

Jambo la mwisho ni la watoto njiti, na hapa ninyi ndugu mna kazi kubwa kuliko mimi.

Zamani mtoto wa kilo moja na nusu tulimweka peke yake kwenye joto la mashine mpaka hali yake itulie, ndipo apewe mama kumbeba kifuani. Zilikuwa siku. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika India, Ghana, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili ukaupindua utaratibu huo. Watoto wa kuanzia kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajatulia. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa sababu faida ilikuwa wazi, isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine.

Sasa mwongozo unasema abebwe kifuani kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Hakuna mama anayeweza peke yake. Lazima aoge, ale, alale chali kidogo. Baba anabeba, shangazi anabeba, bibi anabeba. Kinachotakiwa ni kifua kisafi, kilicho wazi, mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, amesimama wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe huru, na kanga imefungwa imara mpaka usawa wa masikio yake.

Mwezi jana bibi mmoja aliyetoka kijijini alinigombeza wodini. "Sista, mtoto kama kifaranga mnamtoa kwenye mashine mnamfunga kanga?" Sikubishana naye. Mama wa mtoto alikuwa anataka kwenda kuoga, nikamwomba bibi afungue blauzi. Alikaa saa nzima hajasogea, hata kukohoa aliogopa. Nilipomweka mtoto kipimajoto kwapani kilisoma 36.8. Bibi aliuliza kama hiyo ni nzuri, nikamwambia nzuri sana. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, akamwoneshe babu.